Godoro Nililotandika kwa Mkwe

"Sema tu jina lake," Lorine alikuwa akimwambia binti yangu. "Sema Dishon. Halitakuunguza ulimi. Mbona mengine hayajakuunguza."

Debra alikuwa akipaa samaki wa ngege kwenye sinki, na magamba yalikuwa yakiruka mpaka kwenye pazia. Hakuinua uso. Alisema kwamba Dishon ni muuguzi, kazi yake ni kumdunga Walter sindano, na kama Lorine ana muuguzi mwingine ndani ya huo mkoba wake mkubwa, basi amtoe tumwone.

"Muuguzi wa mgonjwa," Lorine akauliza, "au wa mke wa mgonjwa?"

Kisu kikatulia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya nyuma, nje ya mlango wa jikoni, nikichambua mboga za osuga, na hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mama mkwe katika nyumba za Milimani. Unawekwa mahali ambapo huoni kitu, lakini unasikia kila kitu.

Lorine ni mke wa Oyugi, na Oyugi ni kaka mkubwa wa Walter Opondo, mume wa binti yangu, mwenye yale malori ya bluu yanayobeba sukari na saruji mpaka Uganda. Kwetu wake wa ndugu huitana wake wenza, na hawa wawili walilichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Asubuhi hiyo Lorine alikuwa na ujumbe, na aliutoa polepole, kama mtu anayemtoa mwiba mtu asiyempenda. Mchana, watu wakishakula, Oyugi angekuja na gari na vijana wenye nguvu. Wangemchukua Walter wampeleke kupita mji wa Sondu, kwenye boma la maombi la yule nabii. Angekaa huko mpaka apone. Funguo za ofisi nazo zingekaa kwa Oyugi mpaka siku hiyo, ambayo ni Mungu tu anayeijua, na pengine Oyugi.

"Hapelekwi," Debra akasema.

"Anakataa dawa zako. Haogi. Anakula mkate tu, tena aufungue mwenyewe. Anasema wewe na huyo mwanamume mnamuua. Mgonjwa mwenyewe anasema anauawa, halafu sisi tunyamaze?"

"Anasema hivyo kwa sababu anaumwa."

"Na wewe unatabasamu kwa sababu gani?"

Binti yangu akarudi kwenye magamba yake. Lorine akachukua mkoba wake, akapita karibu nami pale ngazini, akanisalimu kwa heshima zote na kuniuliza kama magoti yangu yamepata nafuu. Nikamwambia magoti ni mazima, yanayoniuma siku hizi ni masikio.

Kuhusu boma lile la maombi, niseme ninachokijua. Walter alipelekwa huko mara moja, ugonjwa ulipokuwa bado mgeni na kila mtu ana shauri lake. Nabii huwafunga wagonjwa kwa mnyororo kwenye shina la mti mpaka pepo lichoke. Pepo la Walter halikuchoka, aliyechoka ni Walter. Alirudi amekonda, vifundo vya miguu vimechubuka, na mpaka leo akitembea hupiga hatua fupi fupi, kana kwamba mnyororo bado upo. Siku ile Debra aliapa kwamba mtu akitaka kumrudisha Walter pale, amzike yeye kwanza. Sasa gari lilikuwa njiani. Wakimkuta kitandani, mchafu, akisema mke wake anamwekea sumu, nani angewazuia? Dawa ikiingia na Walter akikaa kitini kama mwenye nyumba, Oyugi angebaki na maneno tu mdomoni. Lakini dawa hakuitaka, na mlango alikuwa ameufunga kwa funguo.

Si kwamba mimi nilimwamini Debra. Nilimzaa mwenyewe, nitamwaminije? Nilianza kumchunguza tangu mvua za masika. Siku za sindano jikoni palinukia chai ya tangawizi, siku nyingine tulikunywa ya majani matupu. Siku za sindano alijipaka mafuta mikononi mpaka kwenye viwiko. Huyo Dishon naye, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama redio ya jirani, alikuwa akimaliza kazi yake chumbani kwa muda wa kufunga kamba za viatu, kisha akikaa jikoni kwa muda wa kushona viatu vyenyewe. Tena aliegesha gari lake likiangalia lango, kama mtu anayejua kwamba siku moja atahitaji kuondoka haraka. Na Debra alikuwa ameanza kicheko kipya. Kicheko chake nakijua, hutoka tumboni na kutawanya kuku. Hiki kilitokea puani, chembamba, kimevaa soksi.

Nilimuuliza Naswa, mama wa Bungoma anayewapikia, hao wawili huzungumza nini. Akasema huzungumza mambo ya dawa. Nikamuuliza ni dawa gani inayochekesha hivyo. Akasema hata yeye angependa kuijua, amnunulie mume wake.

Kujionea kwa macho yangu sikuweza. Kwetu mama mkwe haingii upande wa vyumba vya kulala katika nyumba ya mkwe wake. Hamwoni amelala, hamwoni amevaa vesti, hamshiki mkono, na jua likianza kuteremka kuelekea ziwani huyo anarudi kwake, kwa sababu kulala chini ya paa moja na mkwe ni kwer, mwiko unaoweza kuikausha nyumba kama omena juani. Miaka yote ya ndoa yao nilifika na kikapu changu, nikakaa ngazini au kwenye kiti cha sebuleni kilicho karibu na mlango, nikala kidogo, nikaondoka. Kwa hiyo ugonjwa wa Walter niliujua kwa masikio tu. Kitanda kikilia. Funguo zikizungushwa. Mtu akinong'ona chumbani, na hakuna aliye naye.

Debra alizaliwa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za manispaa, sisi sote katika chumba kimoja na bomba la maji la watu wote. Alikuwa mtoto wa kushika kitu na kutokiachia. Jogoo wa jirani aliwahi kumnyang'anya kipande cha samaki, akamfukuza mpaka uwanja wa mpira, na jogoo yule alihama mtaa, akaenda kuoa mtaa wa Nyalenda. Alipomaliza shule akapata kazi kwa mzee Hasmukh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akakaa kwenye dirisha la kupokea pesa. Hapo ndipo Walter alipomkuta.

Wakati huo Walter alikuwa na lori moja tu, lile la kuombewa ndipo liwake. Aliingia dukani kununua kufuli, akatoka amenunulia mabati kijiji chao kizima, pamoja na watu asiosalimiana nao. Mzee Hasmukh alimtazama akiondoka, akamwambia Debra, "Binti, huyu mtu ana furaha nyingi kuliko pesa. Umwangalie." Debra akamwangalia, lakini si kwa namna aliyoikusudia mzee.

Mahari ilipoletwa, ng'ombe walijaa Kaloleni mpaka watu wakawa wanapita madirishani. Mmoja aliingia kanisani katikati ya ibada, akasimama kwa adabu mpaka mwisho, akaacha sadaka mbele ya madhabahu. Hilo muulize yeyote aliyekuwepo. Waliokataa walikuwa wamesinzia.

Hapo ndipo sisi sote tulipokosea. Mahali pengine mtu akinunulia hoteli nzima chakula, akashona suti nyeupe za kuvaa kwenye matope, akakosa usingizi wiki nzima akipanga kujenga daraja la kwenda kisiwa cha Mfangano, watu wangemtafutia daktari. Sisi tulimpigia makofi. Tulisema huyu ni mwanamume kamili, mwenye sifa zake, ndivyo watu wetu walivyo, wanapenda vitu vikubwa. Wanawake wakamtungia majina ya kumsifu. Ugonjwa ulikaa nasi mezani, ukala nyama pamoja nasi, na tukaupigia saluti. Wala hakuna ubishi kwamba ulileta faida mwanzoni, maana mtu asiyelala hupita wanaolala, na malori yakaongezeka, wakahamia Milimani, watoto wakapelekwa shule za bweni.

Halafu siku moja akaenda ufukweni Dunga, akanunua samaki wote wa asubuhi hiyo kutoka kila mtumbwi, akaanza kuwarudisha ziwani mmoja mmoja akiwaambia wamesamehewa. Wengi walikuwa wameshakufa, hawakuelewa. Lakini mbuta mmoja mkubwa, nasikia, aligeuka akamtazama kwa huruma kabla ya kuzama. Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Siku chache baadaye alianguka kitandani, na alilala mpaka godoro likachukua sura yake. Waliomwona ndani walisema analia bila sauti. Tangu hapo amekuwa akipanda na kushuka hivyo, mwaka baada ya mwaka, na Debra akipanda na kushuka naye, huku akiendesha ofisi ya malori, akiwaambia wateja kwamba mkurugenzi amesafiri.

Daktari wa mjini aliuita ugonjwa huo kwa jina lake, akaandika vidonge na sindano ya kila mwezi, akamtuma Dishon awe anakuja nyumbani. Na dawa ilifanya kazi, hilo sitalificha. Walter alirudi mezani. Alianza kuuliza habari za watoto. Lakini kadiri macho yake yalivyofunguka, ndivyo yalivyoona. Alimwona mke wake akivaa hereni siku ya sindano. Akasikia kile kicheko chenye soksi. Akamuuliza, naye akajibiwa kwamba ni ugonjwa. Basi akaacha dawa. Vidonge akawa anavificha chini ya ulimi na kuvizika kwenye chungu cha maua dirishani. Ua lile lilitulia mpaka likawa halitikisiki hata upepo ukivuma, na Naswa alipokitoa chungu nje, kuku wake akadonoa udongo, akalala juu ya mayai usingizi mzito hivi kwamba vifaranga walipiga hodi kutoka ndani. Sindano nayo ikakatwa. Dishon alisimama nje ya mlango uliofungwa, akaambiwa na sauti kutoka ndani, "Mwoe ukitaka. Lakini ungoje nife mwenyewe."

Basi asubuhi ile nilimwacha Lorine atoke langoni, nikaweka mboga chini, nikaingia jikoni.

"Debra," nikamwambia, "umelala na huyo mtu?"

"Hapana, Mama."

"Niangalie."

Akaniangalia. "Hajanigusa hata mkono." Kisha akaosha kile kisu muda mrefu kuliko kisu kinavyohitaji. "Lakini akiwa hapa, nasikia kwamba nyumba ina mtu mwingine mzima. Siku zote nyingine namsikiliza Walter akipumua, najiuliza ni Walter yupi atakayeamka."

"Na yeye anakutaka?"

"Aliniambia mwezi uliopita. Nikamwambia asirudie."

"Halafu ukamchemshia chai."

"Halafu nikamchemshia chai."

Nusu ya maneno yake niliyaamini. Nusu nyingine niliiweka pembeni, niipitie baadaye. Nikamuuliza Walter anajua nini hasa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yakaangukia ngege. Alisema Walter aliona yote. Kila alipouliza, yeye Debra alimwambia anaota. Alipouliza habari za hereni, anaota. Alipouliza kwa nini Dishon anakaa jikoni, ni ugonjwa unaosema. Hata siku alipowasikia kwa masikio yake wakinyamaza ghafla alipofungua mlango, alimwambia hakuna aliyekuwa akizungumza.

"Sasa haamini kitu chochote kinachotoka mkononi mwangu," akasema. "Na Oyugi anakuja. Nitamtoaje kule ndani, Mama? Mchungaji alikuja kuomba, akashindwa. Daktari ameshindwa. Nikivunja mlango nitakuwa kama wao."

Nilifikiri. Mtu aliyefungiwa na woga hutolewa na nini? Huwezi kumtoa kwa woga mwingine, hizo ndizo kazi za nabii. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Mjaluo hawezi kukikimbia hata akiwa amerukwa na akili nusu, nacho ni aibu mbele ya mama wa mke wake.

Nikamwambia Debra ampigie Dishon simu, aje asimame langoni, na asipige honi. Halafu nikamwita mpishi.

"Naswa, niletee godoro la wageni, ulitandike sebuleni."

"La nani, Mama?"

"Langu. Leo nalala hapa."

Naswa alishika mdomo. Hata kwao Bungoma mambo hayo yanajulikana. Debra naye aliniambia kwa kunong'ona kwamba nitawaletea laana, sijui nimepatwa na nini, au ugonjwa umeniambukiza.

"Maneno hayo hayo," nikamwambia, "lakini uyaseme kwa sauti."

Akanitazama, na naona akaelewa, maana aliyasema tena kwa sauti ambayo ingefika uwanja wa ndege. Naswa akaliburuta godoro kutoka chumba cha wageni, akalipitisha kwenye ushoroba, na kama nilivyomwelekeza, akalipigiza kwenye mlango wa Walter kwa bahati mbaya, akaomba radhi, akalipigiza tena. Mimi nikaketi juu ya godoro katikati ya sebule, nikavua viatu, nikatandaza leso. Nikauliza kwa sauti upande gani wa nyumba una baridi kidogo. Nikauliza kama mwenye nyumba hukoroma, kwa sababu mimi nikikoroma, Kaloleni yote huamka ikidhani treni imerudi.

Kitanda kikalia.

"Debra." Ilikuwa sauti ya Walter, imekwaruza kama bawaba. "Ni kweli maro analala hapa?" Maro ni mama mkwe kwa lugha yetu.

"Ndiyo."

"Mwambie haiwezekani."

"Nimemwambia. Anasema atakayemwondoa ni mwenye nyumba."

Nikangoja mpaka nikaanza kuogopa kwamba kweli nitalala pale. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu laana zitakazonipata, na kupanga nani nimwachie vyombo vyangu. Kisha funguo zikazunguka.

"Suti yangu ya kijivu iko wapi?"

Maji yalimwagika bafuni. Debra alisimama kwenye ushoroba ameshika taulo kifuani, hasogei, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Mimi nikasimama, nikakaa kwenye kiti changu cha karibu na mlango, nikafunika nywele vizuri. Walter akaja na hatua zake fupi. Shavu moja alikuwa amelinyoa vizuri na la pili kwa haraka. Suti ilimpwaya, lakini tai ilikuwa imefungwa sawasawa. Akakaa kiti cha mbali kabisa, ubavu ukiwa upande wangu, kama inavyompasa mkwe, tukasalimiana kuhusu mvua, na mahindi, na watoto, na magoti yangu. Hatukuacha hata moja.

"Maro," akasema mwishoni, akiangalia zulia, "nimekuja kukuomba urudi kwako kabla jua halijashuka."

"Nitarudi, mkwe wangu. Lakini kaka yako yuko njiani. Sikutaka akute nyumba haina mwanamume."

Alijua. Niliona mguu mmoja ukijificha nyuma ya mwingine.

"Watanipeleka Sondu."

"Wakikukuta kitandani, watakupeleka. Muuguzi yuko langoni."

"Huyo hapana. Huyo anamtaka mke wangu." Akanigeukia, na miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kuyaona macho yake wazi namna hiyo. "Na wewe sasa utaniambia naota."

Debra alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Nilimwangalia yeye kwanza, kwa sababu maneno haya yalikuwa yake, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu kuyasema.

"Huoti," nikamwambia Walter. "Ulichokiona, umekiona. Huyo mtu anampenda Debra, na amemwambia. Lakini sumu hukuiona. Hiyo uliiongeza mwenyewe, kama mimi ninavyoongeza chumvi."

"Rudia."

Nikarudia, tena neno kwa neno, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka kidogo kidogo. "Kwa hiyo si wazimu," akasema.

"Wazimu upo, mkwe. Lakini na hilo lipo."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, cha mtu aliyekisahau kabatini. Halafu akatoa masharti yake kama anavyotoa kwa madereva. Huyo mtu aje amdunge hapa hapa sebuleni, mbele yangu, kwa sababu hakuna mtu anayeuawa mbele ya mama mkwe wake, aibu yake haina pa kwenda. Akimaliza atoke, na asirudi tena katika nyumba hii, si kwa sindano wala kwa chai.

Nikamtuma Naswa langoni. Dishon aliingia, akavua viatu mlangoni, na nikaona uso wake umekwisha kuelewa kabla ya kuambiwa. Huyo kijana si mjinga, na ndiyo sababu nilimshuku zaidi. Alifungua mkoba wake. Alimwonyesha Walter kichupa kilichofungwa, akamwacha akishike, akisome, akikague pande zote. Walter alikikagua kama anavyokagua tairi. Kisha akaanza kuvua koti.

Mkono wa mkwe haunihusu. Niligeuza kiti changu kikaelekea ukutani, palipotundikwa picha yao ya harusi, Walter na suti nyeupe, Debra na meno yote. Ilikuwa ndani ya kioo, na ndani ya kioo hicho nikaiona sebule nzima nyuma yangu. Sikuwa nimekusudia. Lakini kioo kikikuonyesha kitu utafumba macho? Nikamwona Dishon ameinama. Nikamwona Walter amekaza taya. Na nikamwona Debra ameinua uso, anatazama. Anamtazama nani? Sindano? Mume wake? Au ule mgongo mrefu ulioinama? Niliinua ncha ya kitambaa changu cha kichwani nipanguse kioo, nikajizuia, maana wangejua. Kilikuwa na vumbi. Mpaka leo sijui, na Naswa sijamsamehe kwa vumbi lile.

"Tayari," Dishon akasema. Akafunga mkoba. Alisema mwezi ujao atakuja Sista Terry, muuguzi mama mtu mzima, mwenye mkono mwepesi. Akamwambia Walter ameze vidonge vya asubuhi, lakini ale chakula kwanza. Hakumwambia Debra kitu. Alichukua viatu vyake akavivalia nje.

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka langoni, hata akiwa mgeni mbaya. Debra hakutoka mlangoni. Aliyemsindikiza ni Naswa. Gari likawaka, likaondoka polepole, na sisi watatu tukalisikiliza likipita nyumba za jirani, likikata kona. Mimi nilikuwa nikisikiliza kama litasimama. Nafikiri kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza hilo.

Debra akamimina chai. Ilikuwa ya tangawizi. Niliona Walter ameinusa, akatulia, akaangalia kikombe kwa muda, kisha akanywa funda la kwanza. Debra akashusha pumzi ambayo naona aliishika tangu masika.

Walter akavaa koti lake, akafunga kifungo.

"Debra," akasema, bila hasira. "Mama ameniambia ya Dishon. Ya kwako hajaniambia. Na wewe?"

Nilitaka kuondoka, naapa, maana hayo si maneno ya kusikilizwa na mama mkwe. Lakini miguu ilikataa kabisa, ikaniweka pale pale.

Debra aliliweka birika chini. "Usiniambie naumwa," Walter akamwambia. "Chochote ukitakacho, lakini si hicho."

"Sitakuambia hivyo tena." Akaketi, si kwenye kiti cha karibu naye, wala si cha mbali. Akajaribu kuanza, akaacha, akajifuta mikono kwenye gauni. "Kuna siku, Walter, nilikuwa nikisimama dirishani kungoja lile gari. Na nilikuwa nikijiambia kwamba likija, nita..."

Mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi, akaingia Oyugi, na nyuma yake vijana wawili, mmoja amebeba kamba iliyokunjwa vizuri mkononi. Oyugi alikuwa na maneno yake tayari, yalikuwa yamemjaa mashavuni. Akamwona ndugu yake ameketi na tai shingoni, kikombe mkononi. Akaniona mimi. Akaliona godoro katikati ya sebule, na leso yangu juu yake, na viatu vyangu pembeni.

Kijana mwenye kamba akairudisha nyuma ya mgongo.

Debra alifunga mdomo, akainuka, akaenda kabatini kutoa kikombe kingine.